SOMO LA IJUMAA: TUTA LA UDONGO NA HAKI YA ALIYE CHINI



Ndugu zangu katika imani, wazee, akina mama, na vijana wetu wa chuo. Somo la Ijumaa hii si la udhu wala la funga, ingawa ni la maji. Ni juu ya maji yanayozuiliwa kwa tuta la udongo, kitu ambacho jirani zetu wa Tanzania hukiita lambo na sisi huku twasema baraji ndogo. Nimeandika kwa sababu ya swali. Kiangazi kilichopita, vijito vilipopungua na akina mama wakaanza kupanga bidoni tangu alfajiri, ndugu wawili walinijia kwa nyakati mbalimbali. Wa kwanza anakaa hapa kwetu Kalundu, upande wa mlimani. Aliniambia: "Shehe, korongo liko nyuma ya nyumba zetu, na wakati wa mvua maji yanapita bure kwenda ziwani. Mbona jumuiya isichange franga, tukaziba kule juu kwa mawe na udongo, tukapata maji mpaka mwezi wa tisa?" Wa pili ana shamba kwenye bonde la Ruzizi, upande wa Runingu. Naye alitaka jambo lilelile: tuta dogo la kuzuia maji ya mvua, apate kunyweshea mboga zake na mifugo ya jirani.

Wote wawili wana nia njema. Mmoja nimemwambia hapana, mwingine nimemwambia ndiyo kwa masharti. Aliyeambiwa hapana hakufurahi, na maneno yamezunguka kwenye kartiye kwamba shehe anapendelea watu wa bondeni. Basi naweka sababu zangu hapa kwenye karatasi, kila mtu azisome, na mwenye elimu kuliko mimi anisahihishe. Mimi sikusoma ufundi. Nimesoma chuoni, mbele ya walimu waliotuandikia kwenye mbao za wino wa masizi. Haya mengine nimeyapata kwa kuuliza mafundi, kwa kusoma, na kwa kuona.

Naanza na la kuona. Nilipokuwa mtoto wa miaka kumi hivi, baba yangu na ndugu zake walichimba bwawa la samaki bondeni, la kufuga tilapia. Tuta lake lilikuwa limepita kimo cha mtu mzima, na sisi watoto tulilikanyaga kwa kuimba wiki nzima. Lilishika maji vizuri miaka miwili. Mwaka wa tatu, asubuhi moja, baba mdogo aliona unyevu upande wa nyuma wa tuta, mahali padogo tu, kama sahani. Palikuwa na tundu la kaa. Akasema kesho tutaziba. Usiku tukasikia kishindo. Asubuhi bwawa lilikuwa tupu, samaki wamelala kwenye majani, na shamba la maharage la jirani aliyekuwa chini yetu lilikuwa limefunikwa na tope mpaka magotini. Baba alilipa mbuzi wawili. Jirani yule alipokea mbuzi, lakini hakutusemesha kwa muda mrefu, na ninakumbuka kuona aibu nilipopita kwake nikienda chuoni.

Sasa tuelewe kitu chenyewe. Tuta la udongo halifanani na ukuta wa saruji. Ukuta wa saruji hushindana na maji kwa ugumu wake, tuta la udongo hushindana nayo kwa uzito na upana wake. Maji yakiwa na kina cha mita 3, kila mita moja ya mraba kule chini inasukumwa kwa uzito wa tani 3. Ndiyo maana tuta hujengwa pana chini na jembamba juu. Upande unaotazama maji, kwa kila mita moja ya kupanda, tuta hutanuka mita 3. Upande wa nyuma hutanuka mita 2 au mbili na nusu. Juu kabisa huachwa mapana ya mita 3 hivi. Ukihesabu, tuta la kimo cha mita 4 linakalia ardhi mapana ya mita 23. Mwenye kudhani atalimaliza kwa Jumamosi mbili za salongo ajue hesabu yake ni fupi.

Udongo wenyewe si kila udongo. Unatakiwa udongo wenye mfinyanzi. Chukua gao la mkono, lilowanishe, likunjie kama kidole, kisha lipinde liwe pete. Likipasuka na kumwagika, hilo ni mchanga. Likipindika bila kukatika, hapo pana mfinyanzi. Kabla ya kumwaga hata karai moja, ondoeni majani, mizizi na udongo mweusi wa juu, kwa sababu mizizi ikioza huacha njia. Kisha chimbeni mtaro katikati ya mstari wa tuta mpaka mfikie ardhi ngumu isiyopitisha maji, na mtaro huo mujaze mfinyanzi ulioshindiliwa. Maji hayaogopi tuta, yanatafuta njia chini yake. Halafu udongo upandishwe kwa matabaka, kila tabaka lisizidi shubiri moja, linyunyiziwe maji kidogo na kushindiliwa kabla ya lingine. Na kwa kuwa udongo hushuka kadiri miaka inavyokwenda, ongezeni sehemu moja ya kumi juu ya kimo mnachokitaka.

Hayo yote watu huyafanya, tena kwa bidii. Wanachokisahau ni utoro. Utoro ni njia ya maji yanayozidi. Tuta la udongo halivumilii maji kupita juu ya mgongo wake. Maji yakipita juu, hukata mfereji mdogo, mfereji huwa mlango, na baada ya saa chache hapana tuta tena. Kwa hiyo pembeni ya tuta, kwenye ardhi ya asili ambayo haikujazwa na mtu, huchongwa njia pana, iliyo chini ya mgongo wa tuta kwa mita moja hivi, iliyopandwa ukoka, nayo huyarudisha maji yaliyozidi kwenye mkondo wao mbali na mguu wa tuta. Mtu akiniambia amejenga baraji, simuulizi kimo chake. Namuuliza utoro wake una mapana gani, na ni nani anayeusafisha kabla ya mvua.

Ndugu Muislamu, jambo hili si geni katika dini yetu. Sote tunaijua sura ya Sabaa, iliyoitwa kwa jina la watu wa Yemen waliokuwa na bustani mbili, kulia na kushoto, kisha likawajia gharika. Watoto wetu wanaihifadhi, lakini wachache wanajua kwamba lile bwawa la Maarib lilikuwa tuta la udongo. Lilikatiza bonde la Adhana, urefu wake kama mita 600, na kimo chake kama mita 15. Udongo ndio uliozuia maji. Mawe ya kuchongwa yalikuwa kwenye miisho miwili, mahali pa milango, mmoja wa kaskazini na mmoja wa kusini, na kila mlango ulipeleka maji kwenye bustani za upande wake. Ndiyo kulia na kushoto.

Watu wale hawakujenga mara moja wakalala. Bwawa lile, pamoja na matuta yaliyolitangulia mahali palepale, lilihudumia watu zaidi ya miaka elfu moja, kwa sababu lilitengenezwa tena na tena. Mafuriko ya bonde lile yalileta tope jingi, tope likaziinua bustani mwaka hata mwaka, na bustani zikipanda tuta nalo lilibidi liinuliwe ili maji yafike. Mtawala mmoja aliyeliziba lilipobomoka aliandikisha kazi hiyo kwenye jiwe, karibu na mwaka 548 wa kuzaliwa Nabii Isa. Jina lake Abraha. Naam, Abraha huyuhuyu wa tembo, ambaye habari yake tunaisoma katika sala zetu. Jiwe lake lipo mpaka leo. Baada yake, katika miaka iliyo karibu na kuzaliwa kwa Mtume wetu (S.A.W.), tuta likaondoka mara ya mwisho na watu wakatawanyika. Yemen ilipata tuta jipya karibu na lile la kale mwaka 1986, nalo vilevile ni la udongo, kwa mali ya Sheikh Zayed wa Falme za Kiarabu.

Wafasiri wa zamani wamepokea habari kwamba panya walilitafuna bwawa la Maarib kutoka ndani. Nilipokuwa kijana nilicheka: panya na bwawa la mita 600! Baadaye fundi mmoja aliyepita hapa alinieleza kwamba matundu ya wanyama ni katika mambo yanayoua matuta ya udongo duniani kote: panya, fuko, kaa, na mchwa. Maji huingia kwenye tundu, huchukua chembe moja ya udongo, kisha nyingine, na tundu hukua kwa ndani huku juu kunaonekana salama. Nikakumbuka sahani ya unyevu ya baba mdogo. Tangu siku hiyo nimeacha kuwacheka wafasiri.

Wala tusiende mpaka Yemen. Sisi wenyewe tunakaa kando ya maji yaliyowahi kuzibwa na udongo. Ziwa letu Tanganyika lina mlango mmoja tu wa kutokea, mto Lukuga, kule Kalemie. Wazungu Cameron mwaka 1874 na Stanley mwaka 1876 walipofika pale waliukuta umezibwa na tope na majani, na ziwa lilikuwa juu. Mwaka 1878 hivi kizuizi kile kikakatika. Maji yakakimbilia mto Kongo, na kwa miaka iliyofuata ziwa likashuka kiasi cha mita 10. Kizuizi kile hakikujengwa na mtu, lakini kilikatika kama tuta lolote linavyokatika, maji yalipopata njia.

Nimetaja la asili na la kale, sasa la karibu. Tarehe 9 mwezi wa tano mwaka 2018, jioni, huko Solai, upande wa Nakuru nchini Kenya, bwawa la udongo la shamba moja kubwa lilipasuka baada ya mvua nyingi. Lilikuwa juu ya kilima na vijiji vilikuwa chini. Walikufa watu wasiopungua 47, wengi wao akina mama na watoto. Usiku wa kuamkia tarehe 29 mwezi wa nne mwaka 2024, palepale Kenya, huko Mai Mahiu, watu wengi walichukuliwa na maji. Kwanza ikasemwa ni bwawa limepasuka. Halafu ikaelezwa kwamba lilikuwa tuta la reli. Njia ya maji iliyopita chini ya reli iliziba kwa magogo na tope, maji yakakusanyika nyuma ya tuta, na tuta likaachia. Hapo hapakuwa na mtu aliyekusudia kujenga bwawa. Lilijijenga kwa sababu utoro uliziba. Na wote tulisikia habari za Derna, nchini Libya, tarehe 11 mwezi wa tisa mwaka 2023: mabwawa mawili ya zamani juu ya mji, yaliyojengwa miaka ya 1970, yalivunjika usiku mmoja wa tufani, na waliokufa ni maelfu. Mtaalamu wa huko alikuwa ameandika mwaka mmoja kabla kwamba yanahitaji matengenezo.

Sasa nakuja kwa ndugu yangu wa mlimani.

Ndugu, Kalundu ni ukanda mwembamba. Mbele ziwa, nyuma mlima, na mlima wetu hauendi polepole, unasimama. Chukua hesabu ambayo mafundi huitumia kukadiria bwawa dogo: urefu wa maji kwenye tuta, mara umbali ambao maji yanarudi nyuma, mara kina, kisha gawa kwa 6. Kwenye korongo lako, tuta la kuzuia kina cha mita 3 litakuwa na urefu wa mita 15, na kwa kuwa korongo linapanda mita moja kila hatua ya mita 10, maji yatarudi nyuma mita 30 tu. 15 mara 30 mara 3, gawa kwa 6, unapata mita za ujazo 225. Hizo ni bidoni 11,250 za lita 20. Zinasikika nyingi. Lakini nyumba 100 zikichota bidoni 5 kila siku, hazifiki siku 23. Tungetoa jasho, mawe na franga za mwaka mzima kwa maji ambayo hayafiki mwezi mmoja wa kiangazi. Tena nimehesabu kana kwamba bwawa litakuwa na maji matupu. Makorongo yetu hayaleti maji matupu. Yanaleta mchanga, mawe na miti. Masika moja yanatosha kulijaza lile bwawa mpaka juu, na hapo tutakuwa tumejenga ngazi ya tope juu ya nyumba zetu.

Na hilo ndilo linaloninyima usingizi. Mnaikumbuka tarehe 17 mwezi wa nne mwaka 2020. Hakuna aliyeziba Mulongwe. Mto wenyewe ulishuka na mawe yake baada ya mvua ya usiku, ukaacha njia yake, ukapita katikati ya nyumba. Makumi ya watu walikufa hapa Uvira, maelfu walibaki bila paa, na mji ukakosa maji ya bomba wakati mto umejaa. Tulizika, tukahesabu, tukazika tena. Ikiwa mto ambao haukuzuiliwa na mtu ulifanya hivyo, sitaki jumuiya hii iwe ndiyo iliyoweka maji na mawe juu ya vichwa vya watoto, halafu tuseme ni kadari. Kadari ya Mwenyezi Mungu tunaiamini. Lakini baba yangu hakumwambia jirani kwamba tundu la kaa lilikuwa kadari, alitoa mbuzi.

Naye aliye juu asidhani namwambia akae na kiu. Lipo jambo la paa. Mvua ya milimita moja juu ya mita moja ya mraba ya bati ni lita moja. Nyumba ya bati ya mita 6 kwa 8, mvua moja nzuri ya milimita 20 ikinyesha, ni lita 960, yaani bidoni 48, na zimekuja mlangoni bila mtu kubeba. Mfereji wa bati na pipa vinagharimu, lakini vinagharimu kidogo kuliko tuta, na vikipasuka havimuui mtu. Msikiti wenyewe una paa kubwa, na maji yake yote tunayaacha yaende barabarani. Hilo ni kosa letu, na la kwanza kulaumiwa ni mimi. Huko korongoni kinachofaa ni vizuizi vifupi vya mawe makavu, visivyopita magoti, ambavyo havikusudii kuweka maji bali kuyapunguza kasi na kushika mchanga, pamoja na miti na majani kwenye kingo. Na kuacha kulima mpaka ukingoni. Nawajua wanaolima pale, nao wanajijua.

Kwa ndugu wa bondeni hesabu ni nyingine. Ardhi yake inapanda mita moja kwa kila mita 50. Tuta la kina kilekile cha mita 3 litarudisha maji nyuma mita 150. Likiwa na urefu wa mita 40, unapata mita za ujazo 3,000, yaani bidoni 150,000. Kina ni kilekile, maji ni zaidi ya mara kumi na tatu. Hapo tuta lina maana. Tena mkondo anaotaka kuuzuia ni bonde dogo la mvua, si mto wenyewe. Mto kama Runingu haufungwi kwa majembe, na asijaribu mtu. Na chini yake kuna majaruba ya mpunga na nyika, hakuna nyumba. Nimekwenda kwa miguu kutazama.

Lakini asihesabu bidoni zote kuwa zake. Jua la kiangazi hunywa kiasi cha milimita 5 kila siku, ambayo kwa siku 100 ni nusu mita. Utasema nusu mita katika 3 ni kidogo. Sivyo, kwa kuwa bwawa ni pana juu na jembamba chini, nusu mita ya juu peke yake ni zaidi ya theluthi ya maji yote. Ongeza yanayopenya ardhini. Kwa hiyo afadhali kuchimba kina kuliko kutanua, na udongo unaochimbwa ndani ndio upandishwe kwenye tuta kama ni mzuri. Mboga apande kwa maji yatakayobaki, siyo kwa maji anayoyaona mwezi wa tano.

Masharti niliyompa ni haya. Utoro uchongwe kwanza, kabla ya tuta. Watu watachoka mwishoni, na kazi inayoachwa mwishoni haifanyiki. Mti usipandwe juu ya tuta, hata mwembe, hata wa kivuli. Majani mafupi tu. Mizizi ya mti ni mrija wa maji, na mti ukifa ni mbaya zaidi. Ng'ombe wasinywe ndani ya bwawa wakalivuruga na kulikanyaga tuta, wajengewe birika pembeni, na maji yavutwe kwa mpira unaopita juu ya mgongo wa tuta. Bomba linalopitishwa ndani ya tuta bila fundi huwa ni tundu la kaa la chuma. Juu ya bwawa paachwe ukanda wa majani mazito wa kuchuja tope. Maji ya bwawa ni ya shamba na mifugo. Anayetaka kuyanywa ayachemshe au ayatie dawa, maana sisi Uvira tunaijua kipindupindu kwa jina na kwa sura, na maji yaliyosimama yana kichocho na mbu vilevile. Na kabla ya jembe la kwanza, amwone chefu wa pale na ofisi zinazohusika. Kongo ina sheria ya maji tangu mwaka 2015, na maji si mali ya aliye na shamba karibu.

Lipo sharti moja ambalo tulibishana. Yeye alisema: tuta ni langu, kwenye shamba langu, nitafungua maji nikitaka. Hapo nikamkumbusha hukumu ya Mtume (S.A.W.) kati ya Zubeir na mtu mmoja wa Ansari, waliogombania mfereji wa maji kule Madina. Shamba la Zubeir lilikuwa juu. Mtume alimwambia anyweshe, kisha amwachie jirani yake. Yule wa chini akakasirika, akasema umehukumu hivyo kwa kuwa ni mtoto wa shangazi yako. Mnaona kwamba maneno ya kupendelea hayakuanza Kalundu. Mtume uso ulibadilika, na akampa Zubeir haki yake kamili: azuie mpaka maji yafike kwenye msingi wa kuta za shamba, ndipo aachie. Na katika hukumu za mabonde mengine ya Madina, aliye juu aliwekewa kipimo cha vifundo vya miguu, kisha maji yateremke. Wanazuoni wakachukua kutoka hapo kwamba aliye juu hutangulia, lakini ana kipimo, na kipimo kikifika maji ni ya aliye chini.

Basi katika bwawa la ndugu yetu kipimo kiwe ni alama ya rangi kwenye kijiti cha chuma. Maji yakiwa juu ya alama, majaruba ya chini yana sehemu yao kila wiki. Yakishuka chini ya alama, mboga zisimame, mifugo inywe kwanza. Na wale wa chini, kwa kuwa wanapata, nao watoke siku ya kazi. Kila mwaka mwezi wa nane, kabla ya mvua kurudi, wote watembee juu ya tuta na nyuma yake, mguu peku ikiwezekana, wakitafuta unyevu, nyufa na matundu. Utoro ufyekwe. Tope litolewe ndani, ambalo ni mbolea nzuri, wagawane. Tundu likionekana lisiachwe mpaka kesho, lifukuliwe lote na kujazwa upya kwa mfinyanzi wa kushindilia, kwa maana kuziba mdomo tu ni kumficha adui ndani. Alikubali yote, ila kijiti cha rangi alikipokea kwa shingo upande. Nimemwambia rangi nitanunua mimi.

Jumapili hii baada ya sala ya alfajiri tunakwenda huko bondeni kupima mstari wa utoro. Mwenye nafasi aje na jembe, na anayemiliki kamba ndefu aje nayo, tunahitaji mita 50. Tutapima usawa wa ardhi kwa mpira mwembamba uliojaa maji, kama mafundi wa nyumba wanavyofanya. Vijana wa chuo watakaokuja watarudi kabla ya adhuhuri, wazazi wasiwe na wasiwasi. Ndugu yangu wa mlimani nimemwomba naye aje, na amekubali, atashika ncha ya kamba upande wa utoro. Wiki itakayofuata, inshaallah, ni zamu ya kupanda kwake na ngazi, kutazama paa.

Wassalaam alaykum.

Karatasi hii ina majina matukufu. Ukishaisoma mpe jirani, usiifungie karanga.